Geti Lililojengwa kwa Ajili ya Shemeji

Ukuta wa nyumbani kwetu Iringa sasa unamzidi kimo mtu mrefu aliyenyoosha mikono. Juu yake vimepandwa vipande vya chupa za bia, na katika ukoo wenye wazee wa kanisa wengi kama wetu hakuna aliyejitolea kueleza chupa hizo zilitoka kwa nani. Juu ya vipande hivyo imezungushwa seng'enge ya wembe. Geti ni zito, la chuma, lina simba wawili waliochomelewa na fundi ambaye, nadhani, hajawahi kumwona simba, kwa kuwa amewapa nyuso za mbuzi walioshiba. Pembeni kuna kibao kinachomwonya mpita njia kwamba ndani mna mbwa mkali. Mbwa mwenyewe hulala chali akimngoja yeyote atakayemkuna tumbo.

Majirani huusifu ukuta huo, na wapo waliokuja kuupima ili wajenge wa kwao. Wanaamini ulijengwa kwa ajili ya wezi wa magari, ambao kweli wapo, na kweli huingia majumbani mwa watu. Mimi niliyekuwapo tangu mwanzo najua ulijengwa kwa ajili ya nani. Ulijengwa kwa ajili ya mtu mmoja, mume wa dada yangu, mkulima wa mpunga wa Ubaruku, ambaye kosa lake lilikuwa kutuletea mchele msibani.

Bibi yetu, mama mzaa baba, alifariki katika miezi ya baridi, wakati upepo wa Iringa unapopenya koti kana kwamba hukulivaa. Siku hizo hatukuwa na ukuta. Tulikuwa na uzio wa michongoma na geti la mbao lililoegemezwa jiwe lisijifunge. Ndani ya uzio iliegeshwa pikapu nyeupe ya baba, aliyoipata alipostaafu kazi ya ubwana shamba. Pikapu hiyo ndiyo iliyobeba viazi vya mama kwenda sokoni, ndiyo iliyowakimbiza hospitali wajawazito wa mtaa mzima, na ndiyo fahari pekee ambayo baba, mtu mkimya, aliwahi kujiruhusu.

Kwetu, msiba ukishaingia ndani ya nyumba, gari la mfiwa si lake tena. Litaleta kuni, litaleta maji, litawapokea wageni stendi, litakwenda kwa mwenye maturubai na kurudi na masufuria ya jirani. Funguo zake hukabidhiwa msemaji wa ukoo, naye huzitoa kwa yeyote aliyetumwa. Msemaji wetu ni baba mkubwa, kaka yake baba: mzee wa kanisa, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani huanza kwa kuwashukuru wote waliohudhuria. Alizitia funguo mfukoni mwa koti lake na kuzigusagusa mchana kutwa, kama mtu anayehakikisha kwamba cheo chake bado kipo.

Miongoni mwa waombolezaji alikuwamo mwanamume wa makamo, mwenye koti jeusi na kofia ya sufu. Hakuna aliyemwona akifika. Alipasua kuni, akachota maji, akashikilia nguzo wakati turubai linafungwa, na mwili wa bibi ulipoletwa alilia kuliko wajukuu. Nyuma ya nyumba, tulikokuwa tukipika maharage kwenye mafiga, wanawake walikuwa wamekwisha kumpenda.

"Yule kaka wa koti jeusi ni wa nani?" aliuliza mmoja, mwiko ukiwa mkononi.

"Si wa upande wenu? Mimi nilijua ni wa kwenu."

"Wa kwetu nawajua wote, hakuna hata mmoja anayeweza kuinua shoka. Huyo atakuwa mkwe."

"Kama ni mkwe aliyeoa, basi mmepata. Kama hajaoa, naombeni mnitambulishe."

Walicheka mpaka shangazi aliyekuwa akilia ndani akatuma mtu aje kuwanyamazisha.

Hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenyewe. Kumuuliza mtu msibani kwamba yeye ni nani, kwa mawazo yetu, ni kumwambia kuwa machozi yake yanahitaji kibali. Upande wa baba ulimdhania wa upande wa mama, upande wa mama ulimdhania wa kanisani, watu wa kanisani walimdhania jirani, na majirani walikwisha kuridhika kwamba ukoo mkubwa una watu wengi. Katikati ya heshima zote hizo mwanamume yule aliketi akala ugali wetu kwa amani. Chuoni nilifundishwa kuhusu ukarimu wa jamii zetu, na mimi mwenyewe nimeufundisha kwa moyo. Siku hizi naamini kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ukarimu ni uvivu wa kufahamiana.

"Kamwene, baba mkubwa," yule mtu aliamkia, kwa Kihehe kisicho na doa. Kisha akaendelea kwa Kiswahili: "Viti vya kanisani havijafika, na wageni wa Makambako wako njiani. Nimeonelea nivifuate."

Nilikuwa nikipita hapo karibu na sinia la vikombe. Baba mkubwa alinyoosha mgongo. Mtu mzima alikuwa amemwamkia ipasavyo, amemweleza tatizo, na amemwachia heshima ya kulitatua. Kwa baba mkubwa huo ndio utambulisho kamili wa binadamu. Akatoa funguo.

"Umefikiria vizuri, mwanangu. Pitia na maji. Madumu yamo nyuma ya gari."

"Ahsante, baba. Niongeze na kuni?"

"Ongeza."

Alizipokea kwa mikono miwili, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Kwa kuwa uwanja ulikuwa umejaa watu, vijana wa ukoo walikimbia kumwongoza: "Rudi, rudi, rudi! Kata kushoto! Hapohapo, nyoosha!" Mmoja alilishika geti lisicheze, mwingine akaipigapiga bodi ya gari kumtakia safari njema. Sijasikia habari za mwizi mwingine aliyewahi kuagwa vile.

Viti vilifika vyenyewe baadaye, juu ya lori la kanisa, vikiletwa na mhudumu ambaye hakumtarajia mtu yeyote kuvifuata. Maji hayakufika. Tulichota kwa jirani.

Askari aliyekuja kuchukua maelezo aliutazama uzio, akalitazama geti, akauliza kama kuna kilichovunjwa.

"Hakuna," alijibu baba mkubwa.

"Na funguo?"

"Zilichukuliwa."

"Zilichukuliwa kutoka wapi?"

"Katika mazingira ya msiba."

Askari aliinua macho, akamtazama mzee yule mwenye tai nyeusi, akainama akaandika. Baba alikuwa amesimama kando, mahali pikapu ilipokuwa ikiegeshwa, akitazama doa la oili lililobaki ardhini. Ninampenda baba yangu, lakini ukimya wake siku ile sijawahi kuupa jina zuri.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu wenye elimu, waliobatizwa na kupata kipaimara, wanaweza wote kuona jambo kwa macho yao na kisha kukubaliana, bila hata kunong'onezana, kwamba hawakuliona.

Wazazi wa shemeji yangu walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakakaa bonde la Usangu, na yeye amekulia kwenye mpunga. Dada yangu alipoolewa naye, ukoo wetu ulilipokea jambo hilo kwa tabasamu ambalo watu hulitoa wakipewa zawadi wasiyoitaka. Siku ya msiba shemeji alikuja na fuso lenye ndugu zake, magunia ya mchele na fahali mzima, kwa kuwa ndivyo kwao mkwe anavyohani. Fahali huyo ndiye aliyekuwa akichemka nyuma ya nyumba wakati kikao kikifunguliwa kwa sala.

"Jambo hili lina chanzo," alianza baba mkubwa, mikono ikiwa nyuma kama mtu anayekagua mstari wa wanafunzi. "Kabla fuso la Usangu halijaingia hapa, gari letu lilikuwepo. Lilipoingia, gari likatoweka. Yule mtu alishuka nao."

Shemeji alisimama, kofia mkononi. "Baba mkubwa, mtu huyo simjui. Sisi tulipofika tulimkuta anapasua kuni."

"Mlimkuta, au mlimtanguliza?"

Kuna waliocheka. Sijasahau ni akina nani.

Nami nikasimama, jambo ambalo halikutarajiwa kwa msichana kwenye kikao kile. "Baba mkubwa, mtu yule alikuamkia kwa Kihehe. Na funguo ulimpa wewe, mkononi. Nilikuwa hapo na sinia la vikombe."

"Mwanangu," alisema kwa upole ule anaowawekea watu anaotaka kuwafuta, "tulikusomesha uje utusaidie, siyo uje utuhukumu. Kaa chini, chai inapoa."

Shangazi alinivuta kitenge. Nilimtazama baba, baba alitazama viatu vyake.

Hukumu ikatolewa. Mkwe ni mtu mzima, alisema baba mkubwa, na mtu mzima huwajibika kwa watu wake. Atamleta yule mtu, au ataleta habari zake. Mpaka hapo, mlango wa nyumba hii atausikia kwa wengine.

Dada yangu hakubishana. Alimfunga mtoto wake mgongoni, akakaza fundo, akasema, "Asipoingia mume wangu, na mimi siingii." Waliondoka kabla ya chakula. Ukoo wangu ukanawa mikono, ukala wali wao na nyama ya fahali wao, huku ukisikitika sana juu ya tabia za watu wa Usangu.

Tangu siku ile mama hakuuliza tena habari za pikapu, ingawa ndiyo iliyokuwa miguu ya biashara yake. Viazi vyake sasa vilikwenda sokoni kwa gari la kukodi, pale lilipopatikana, na vingine viliota machipukizi stoo. Alichokiuliza, kila niliporudi likizo kutoka Mbeya ninakofundisha, kilikuwa kimoja: "Umepita kwa dadako? Hajasema atakuja lini?" Nami nilijua kwamba dada hangekuja hadi mumewe asafishwe jina, na jina hilo hangeweza kulisafisha ila yule aliyelichafua.

Yule aliyelichafua alikuwa na shughuli nyingi. Alikuwa amejiteua mshauri wa usalama. Uzio wa michongoma uling'olewa na ukuta ukapanda. Taa ziliwekwa pembe zote za nyumba, zikawaka mpaka kuku wakachanganyikiwa. Madirisha yalitiwa nondo nene hivi kwamba mama alisema tukipatwa na moto tutaokwa kama mahindi. Baba alipopata gari jingine, kuukuu kuliko la kwanza, baba mkubwa aliagiza usukani ufungwe mnyororo na matairi yafungwe mwingine, hata baba akawa anatumia muda mrefu kulifungua kuliko kuliendesha. Akaajiriwa mlinzi, mgambo mstaafu, akapewa agizo moja kubwa kuliko yote: wakija watu wa Usangu, wangoje nje.

Katika mipango yote hiyo hakuna mtu aliyegusa jambo moja. Funguo ziliendelea kukaa mfukoni mwa baba mkubwa kila ulipofanyika mkusanyiko, na baba mkubwa aliendelea kuwa baba mkubwa.

Mimi nilipigiwa simu ninunue makufuli soko la Mwanjelwa, Mbeya, ambako inasemekana yapo yaliyo imara kuliko ya Iringa. Muuzaji alinipimia moja mkononi lenye uzito wa jiwe la kusagia.

"Dada, hili ni la uhakika. Mwizi akiliona anarudi kwao kulima."

"Na mwenye nyumba akimpa mwizi funguo?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta ugonjwa wangu. "Hapo, dada yangu, mnahitaji kanisa. Mimi nauza makufuli."

Niliyanunua. Nilipokuwa nikiyapeleka Iringa nilishuka njiani nikaenda Ubaruku, nikiwa na mfuko wa vyuma uliotengenezwa kumzuia mtu ninayekwenda kumsalimia. Nilimkuta shemeji karibu na mashine ya kukoboa, akigeuza mpunga uliotandazwa juani. Aliuona mfuko, akauinua kidogo, akaguna.

"Haya ni makufuli ya kunifungia mimi au ya kufungia magari?"

"Shemeji, usinitanie."

"Sikutanii. Ukuta umeisha?"

"Imebaki kamera."

"Basi waambie nikija nitachana nywele kwanza."

Tulikuwa hatujamaliza kucheka alipotokea mwanamume mwenye baiskeli, mgeni wa pale, akiulizia njia. Nikashuhudia jambo ambalo kwetu lingehesabiwa matusi. Shemeji, mama yake mzazi na jirani yao walimpa mgeni yule kigoda na maji, kisha wakamuuliza. Umetoka wapi? Kwa nani? Huyo unayemfuata ni mtoto wa yupi, yule mwenye ng'ombe wekundu au yule aliyehamia mtoni? Uliondoka na nani? Hawakumwachia mpaka walipompata mtu mmoja wanayemfahamu wote, na walipompata, mgeni yule alionekana kufurahi kuliko wenyeji. Ndipo wakamwonyesha njia.

"Hamuoni haya kumhoji mtu hivyo?" nilimuuliza dada alipokuja kunipokea mzigo.

"Hata mimi mwanzoni nilikasirika," alisema. "Huku wakikuacha bila kukuuliza, ujue hawana haja na wewe." Kisha akaniambia nimwambie mama kwamba mtoto ameanza kutembea, na kwamba akitaka kumwona aje huku, hakuna geti.

Nilimpelekea mama maneno hayo. Ulipofika wakati wa ibada ya kusimika msalaba kwenye kaburi la bibi, wakati ukoo mzima ungekusanyika tena, mama alimpigia simu dada mbele ya baba mkubwa na kumwambia aje na mumewe. Baba mkubwa alikohoa.

"Hatujalijadili hilo."

"Nimemwalika mimi," alisema mama. "Bibi alikuwa wake pia."

"Akija na maelezo, tutampokea."

Siku hiyo ukungu ulikuwa umelala chini asubuhi nzima. Nilikuwa uwanjani nikipanga viti wakati kirikuu, lile gari dogo la mizigo, liliposimama nje likiwa na magunia matatu ya mchele, shemeji akiendesha, dada na mtoto pembeni yake. Mlinzi alifungua kidirisha cha geti.

"Mmetoka Usangu?"

"Ubaruku."

"Ni kulekule. Ngojeni hapo."

Akamwita baba mkubwa. Baba mkubwa alikwenda, akainama mbele ya kidirisha kile kidogo, na kuanza kuongea kupitia tundu lisilozidi ukubwa wa uso wake. Wageni waliokwisha kufika wakanyamaza ili wasikie. Mama alitoka jikoni, akasimama.

"Mkwe, umekuja na yule mtu?"

"Nimekuja na mchele, baba mkubwa."

"Sikukuuliza mchele. Tulikubaliana jambo."

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilikuwa nimesimama tu."

Wakati huohuo, ndani ya ukuta, kijana wa maturubai aliyekuwa amevaa fulana ya njano yenye mistari inayong'aa alikuwa akihangaika na nguzo zake. Gari la baba lilikuwa limeegeshwa pale alipotaka kuchimbia nguzo ya pembeni. Aliuliza funguo ziko wapi, akaelekezwa kwa mzee aliyeinama kwenye geti. Akaenda.

"Shikamoo, baba. Samahani, hilo gari linanibana. Naomba funguo nilisogeze nje kidogo."

"Marahaba, mwanangu," alisema baba mkubwa. Hakugeuka. Uso wake ulibaki kwenye kidirisha, sauti yake ikaendelea kumweleza shemeji umuhimu wa uaminifu katika familia, na mkono wake wa kulia ukaingia mfukoni, ukatoka, ukazunguka nyuma ya mgongo na kumkabidhi funguo mtu ambaye hakumtazama hata viatu.

Niliona. Mama aliona. Wanawake wa jikoni waliona, na mmoja wao akaweka sinia chini ili asilidondoshe.

Kijana alifungua minyororo yote, akaliwasha gari. Mlinzi, aliyefundishwa kwamba mwenye funguo ndiye mwenye ruhusa, aliufungua mlango mkubwa na kupiga saluti. Baba mkubwa ikabidi asogee, kwa sababu kidirisha chake kilikuwa kinaondoka pamoja na mlango. Gari likatoka, likafika barabarani, likasimama, kwa kuwa kirikuu cha shemeji kilikuwa kimeziba njia.

Shemeji alikwenda taratibu mpaka kwenye dirisha la dereva.

"Habari za saa hizi, ndugu yangu. Wewe umetoka wapi?"

"Mimi?"

"Wewe. Umetoka wapi, na hapa umekuja na nani?"

"Mimi ni wa maturubai. Nalisogeza tu hili."

"Nani kakutuma ulisogeze?"

"Hakuna, nimeona mwenyewe linanibana. Nikamwomba mzee funguo, akanipa."

"Mzee mnafahamiana?"

Kijana alimtazama baba mkubwa kwa adabu, kama anayetaka kusaidia. "Hapana, ndio kwanza namwona leo."

Shemeji aligeuka. Hakupaza sauti, ukungu ulikuwa umetuliza kila kitu na kila mtu alimsikia.

"Baba mkubwa, na huyu ni wa kwetu?"

Nyuma yangu kicheko kilianza kama chungu kinachochemka chini ya kifuniko. Baba mkubwa alirekebisha tai.

"Huyo ni fundi. Si unaona amevaa fulana ya kazi?"

"Na yule alivaa koti jeusi," alisema mama.

"Jamani, mwulizeni wa upande gani kabla hajaondoka na viti!" alipaza sauti mwanamke mmoja, yuleyule aliyewahi kuomba kutambulishwa, na sasa walicheka wote, hata wale waliocheka kwenye kikao, ambao vicheko vyao, nilitambua, huwa vinasimama upande wowote ule wenye nafasi.

Mama alipita katikati yao, mikono ikiwa bado na unga. Alimwomba kijana wa maturubai funguo, akamshukuru, akamwambia akafunge turubai lake. Kisha akampa shemeji.

"Mwanangu, lirudishe ndani."

"Mama, hatujakubaliana hivyo," alisema baba mkubwa.

"Mimi nimekubaliana."

Shemeji alizishika funguo bila kuingia garini. "Mama, nakushukuru. Lakini gari hili ni la baba."

Baba alikuwa kwenye ngazi za baraza, mahali anapopenda kukaa ili asiulizwe. Nilimtazama kwa hasira niliyokuwa nimeitunza tangu siku ya kikao, nikimngoja atazame viatu vyake. Aliinuka. Ilimchukua muda.

"Liegeshe pale kwenye doa la oili," alisema. "Pale ndipo pake. Na aliyempa yule mtu funguo ni kaka yangu. Nilimwona. Sote tulimwona."

Hakuongeza. Hata hayo yalikuwa mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima, na yalikuja yamechelewa sana, lakini yalikuja mbele ya watu walewale.

Shemeji aliliingiza gari kinyumenyume, peke yake, hakuna kijana aliyemwongoza. Dada akaingia kwa miguu nyuma yake. Mtoto alisimama kwanza kwenye geti, akamgusa simba mmoja puani, akasema "mbuzi," akapita. Mlinzi alitaka kufunga. Mama akamwambia aache wazi, watu wanakuja kusali.

Nisingependa mtu adhani kwamba baba mkubwa alitubu. Kwenye shukrani baada ya ibada alisimama mbele ya msalaba mpya na kumshukuru Mungu kwa ulinzi imara wa familia, ambao siku hiyo hiyo, alisema, ulikuwa umezuia tukio. Watu waliitikia amina. Kisha, wakati wa kuhesabu masufuria na kukunja maturubai, alimwendea baba na kunyoosha kiganja, akitaka funguo azihifadhi mahali salama.

"Funguo anazo mkwe wangu," alisema baba, akaendelea kukunja turubai.

Baba mkubwa anakaa mbali kidogo, na magoti yake hayaipendi baridi. Alizunguka uwanja akitafuta mtu mwingine wa kumwomba. Mwishowe alisimama mbele ya shemeji, ambaye alikuwa ameegemea gari, mtoto mabegani.

"Mkwe, utanisogeza nyumbani?"

"Nitakusogeza, baba mkubwa," alisema shemeji kwa heshima zote. "Ila niambie kwanza unakwenda wapi, unakaa na nani, na nani hapa anakufahamu."

Wanawake wa jikoni waliacha kuosha vyombo. Baba mkubwa alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta atakayeudhika kwa niaba yake. Kisha, akiwa amelishikilia koti lake lisipeperushwe na upepo, akaanza kujibu.